Barua saba kutoka Burma na mpera wa nyuma ya jiko

*“Shikamoo Mwalimu. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles au KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na alipigana Burma, Myanmar ya leo, katika Vita vya Pili vya Dunia. Alifariki mwaka 1987, kabla sijazaliwa. Mwezi uliopita tulipokuwa tunabomoa nyumba ya zamani kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Iringa, tulikuta kopo la biskuti lenye barua saba alizomwandikia bibi kati ya 1943 na 1945, pamoja na nishani ya nyota. Nimezisoma zote nikabaki na huzuni. Hakuna hata mstari mmoja anaosema anampenda bibi au amekumbuka nyumbani. Kila barua inaanza vilevile, ‘mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yenu,’ halafu yanafuata maagizo: mtamba mwekundu asiuzwe, paa liezekwe, mtoto asiende mtoni peke yake, mpera wa nyuma ya jiko usikatwe. Kuhusu vita, kimya. Miandiko ni ya aina tatu, kwa hiyo kaka yangu anasema huenda barua si zake. Barua ya tano imekatwa kipande kwa mkasi, na baba anaamini bibi ndiye aliyekikata kuficha jambo, maana barua inayofuata inasema: ‘Nimesikia habari ambazo sitaziandika hapa, nitamwomba afisa amwandikie Bwana Shauri.’ Nyota nayo haina jina. Baba alizaliwa 1948 na amekua akiamini mzee wake alirudi vitani hana moyo: alikuwa haongei, na mvua ikinyesha usiku alikuwa halali. Shangazi yetu mkubwa, aliyezaliwa kabla ya vita, yuko hai na anaishi Mafinga. Tunataka kuzisoma barua hizi kwenye kikao cha ukoo Desemba. Babu alikuwa mtu wa namna gani? Tuzisome zote mbele ya watu, au nyingine tuzifiche?”*

Marahaba, mwanangu. Nimezitazama picha za barua zote saba ulizoniambatanishia, na kabla sijajibu lolote nakushukuru kwa kutozichoma. Nimeketi kwenye nyumba nyingi nikiulizia karatasi za Keya, na jibu ninalolisikia mara nyingi ni lile lile: “Tulizikuta, tukawashia moto.”

Umeniuliza maswali kadhaa, lakini ninavyokusoma mimi, swali ni moja. Mnataka kujua kama mzee yule aliwapenda. Nitafika huko. Kwanza niondoe yale yanayowasumbua bure.

Nyota ni halali. Ile uliyoipiga picha ina ncha sita, taji katikati, maneno ya Kiingereza yanayotaja Burma, na utepe wa bluu iliyokoza wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari ya rangi ya chungwa pembeni. Hiyo ndiyo Nyota ya Burma, iliyoanzishwa mwaka 1945. Nyota hizi Waingereza kwa kawaida hawakuzichonga majina ya waliopewa. Ukiikuta haina jina, usiwe na shaka kwa sababu hiyo.

Miandiko mitatu nayo haishangazi. Askari wengi walioandikishwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940 hawakujua kusoma wala kuandika. Barua iliandikwa na mwenzake aliyepita shule ya misheni, au karani wa kombania, na mwandishi huyo akihamishwa au akiugua, alikuja mwingine. Lakini jeshi lilikuwa na kikosi cha elimu, na wengi walijifunza kusoma na kuandika Kiswahili huko huko kambini. Lilikuwapo hata gazeti la Kiswahili la askari wa Afrika Mashariki waliokuwa Asia, likiitwa Heshima. Sasa chukua barua ya saba, ile ya Oktoba 1945. Herufi ni kubwa, zinapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, na neno “mpera” limeandikwa “mpela”. Barua za kabla yake zinazoutaja zimeandika “mpera” sawasawa. Anayeandika “mpela” ni Mhehe anayeandika kwa sikio lake mwenyewe. Naamini barua ile ni mkono wa babu yako. Mwambie kaka yako aitazame tena, polepole.

Mkasi sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona baba yako amembebesha marehemu mama yake mzigo usio wake kwa miaka.

Barua ya askari ilisomwa kabla ya kufungwa. Afisa wake aliisoma, na wakaguzi wa barua wa jeshi nao waliweza kuifungua njiani. Ilikatazwa kutaja mahali, meli, safari inayokuja, au waliokufa. Muhuri wa posta ya jeshi ulikuwa na namba tu, bila jina la mji, ndiyo maana bahasha zenu hazisemi zimetoka wapi. Jambo lililokatazwa lilifutwa kwa wino au lilikatwa kwa mkasi. Tazama tundu la barua ya tano: lina pembe nne, kingo zake zimenyooka, na limekula maneno ya upande wa pili bila kujali. Mwanamke anayetaka kuficha siri hakati dirisha katikati ya barua kisha akaitunza barua hiyo kwenye kopo miaka arobaini. Jiko lilikuwa hatua tano tu kutoka pale.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja, nadhani hukuliona. Katika barua nne za kwanza, mara tu baada ya salamu, babu yako anapeleka salamu za mwenzake wa kijiji chenu. Jina lake sitaliandika hapa, unalijua. “Fulani ni mzima, mwambieni mama yake.” Barua nne, mahali palepale, mstari wa tatu au wa nne. Kwenye barua ya tano, mahali palepale, pana tundu. Kwenye ya sita na ya saba, jina lile halipo tena.

Siwezi kukuapia. Lakini ukiniuliza mkaguzi alikata nini, nitakwambia alikata habari ya kifo.

Barua ile ni ya Oktoba 1944, na kufikia hapo tunajua kiasi walikokuwa. Juu ya barua ameandika 36 KAR. Hicho kilikuwa kikosi cha Tanganyika, na kilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa alama ya kichwa cha kifaru. Divisheni hiyo ilijifunza vita vya msituni kisiwani Ceylon, Sri Lanka ya leo, na katikati ya 1944 ikapelekwa mpakani mwa India na Burma. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza Wajapani kuteremka bonde la Kabaw, kutoka Tamu hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, na ilifanya kazi hiyo ndani ya masika ya huko. Majeshi mengine yangesubiri mvua ipite. Bonde lile lilisifika kwa malaria na kwa taifasi inayoenezwa na utitiri wa majani. Kila siku askari alimeza kidonge cha mepakrini, dawa ya kuzuia malaria, kilichomfanya ngozi iwe ya manjano. Barabara ziligeuka tope la kumeza gari, zikatandikwa magogo, na mahali pengine tembo waliofugwa ndio waliovuta mbao za madaraja. Hebu wawaze vijana wa Uhehe, waliokua wakijua kwamba tembo ni wa kukimbiwa au wa kuwindwa, wakimtazama akipiga magoti kwa amri ya mtu mmoja mwembamba. Chakula na risasi viliteremshwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege, na siku ndege zikikosa kuona, watu walilala na njaa. Kalewa ilichukuliwa tarehe 2 Desemba 1944. Kisha wahandisi wakatandaza juu ya Chindwin daraja la vyuma la urefu wa mita 350 hivi, na divisheni ikarudishwa India kupumzika.

Rudi kwenye barua ya tano ukiwa na picha hiyo kichwani. Anasema nini? “Mvua ya huku haina adabu.” Halafu mara moja: “Paa liezekwe kabla ya mvua, nyasi zikatwe upande wa mlimani, si zile za bondeni, za bondeni zinaoza.” Mtu huyu amelala kwenye maji miezi miwili. Pengine amemzika, au ameshindwa kumzika, kijana aliyekua naye. Afisa amekaa tayari kusoma kila neno. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba mke wake na mtoto wake, huko mbali kuvuka bahari, hawalowi. Ameeleza hadi nyasi zikatwe wapi.

Wewe umeiita amri. Mimi kwenye barua saba sioni mstari wenye mapenzi kuliko huo.

Naomba uelewe kwa nini mapenzi yalikaa mahali pa namna hiyo. Barua yake ilipita masikio mengi. Aliyeiandika alikuwa mwanamume mwenzake. Aliyeikagua alikuwa afisa wa Kizungu, pengine kijana wa miaka ishirini na kitu. Ikafunga safari ya meli hadi pwani yetu, kisha reli na lori, hadi misheni au boma, na huko mwalimu au katekista akaisoma kwa sauti, akiitafsiri kwa Kihehe, mbele ya bibi yako, mama mkwe wake, wazee na watoto wa jirani. Barua ilikuwa tukio la kijiji. Mwanamume wa malezi yale angesemaje “nakupenda” mbele ya mama mkwe wa mkewe kupitia kinywa cha katekista? Asingemheshimu mkewe. Angemwaibisha.

Hata ule mwanzo unaokuudhi kwa kufanana una kazi yake. “Mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yenu mlio mbali na macho yangu.” Ukiandikiwa ukiwa umekaa sebuleni na simu mkononi, ni maneno ya mazoea. Lakini pale nyumbani, watu waliposikia bahasha ya jeshi imefika, swali lilikuwa moja: yu hai? Sentensi ya kwanza iliwajibu. Baada ya hapo ndipo watu wakapumua na kuketi kusikiliza mengine. Isitoshe, alikuwa anasema uongo mtupu kwa makusudi. Tazama barua ya tatu, Machi 1944: “Hapa hakuna jambo lolote baya.” Tarehe 12 Februari mwaka huohuo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Watu karibu 1,300 walikufa, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa wanakuja kuungana na divisheni ya babu yako. Habari hiyo isingepita kwa mkaguzi. Lakini nadhani hata kama ingeruhusiwa, asingewaandikia. Mlikuwa mnangoja arudi kwa bahari ileile.

Nimezungumza na wazee kadhaa wa Keya enzi za uhai wao, na jambo lililonishika ni namna walivyolitumia neno “kwetu”. Mabango ya serikali yaliwaambia wanapigania Mfalme na himaya. Wao walipoeleza walichokitamani kule msituni, hakuna aliyenitajia Mfalme. Walitaja kilima, kisima, harufu ya moto wa asubuhi, pombe ya msimu. Mzee mmoja wa milimani kwenu aliniambia kiu aliyokuwa nayo ilikuwa ya ulanzi, na kwamba mianzi ya Burma ilimtesa kwa sababu ilikuwa kila mahali na haikuwa na mtu wa kuigema. Tanganyika kama taifa wengi walianza kuiwaza baadaye, waliporudi wakiwa wameona kwamba risasi haichagui ngozi lakini mshahara na malipo ya kuachishwa jeshi yanachagua. Waruhiu Itote wa Kenya, aliyejulikana baadaye kama Jenerali China, alitoka kwenye vita hiyohiyo ya Burma. Babu yako hakwenda njia hiyo. Alirudi kwenye mtamba wake.

Na yule mtamba mwekundu? Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa jamaa zake kupitia boma. Mji wenu una jengo la zamani la boma ambalo leo ni makumbusho. Huenda bibi yako alisimama foleni hapo. Ninavyozisoma barua mbili za kwanza, fedha hizo ndizo zilizomnunua mtamba. Huyo alikuwa ng'ombe aliyenunuliwa kwa miezi ya maisha ya babu yako. Kila anapouliza habari zake anauliza kama kazi yake ya huko imeota mizizi huku. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na yeye alilijua hilo. Ndiyo maana ameng'ang'ania vitu vichache ambavyo neno lake lingeweza kuvilinda.

Agizo la mtoto kuhusu mto limetokea mara ya kwanza katika barua ya sita, Januari 1945. Kabla ya hapo hakuna. Mwezi uliotangulia kikosi chake kilikuwa kwenye Chindwin. Sina haja ya kuongeza neno.

Sasa ile sentensi ya “habari ambazo sitaziandika”. Hapa nitakuwa mkweli, maana unaweza kutamani nikutulize. Ni kweli kwamba hofu kubwa ya askari waliokuwa mbali miaka miwili au mitatu ilikuwa ndoa. Wengi waliletewa uvumi kuhusu wake zao, wengine kwa ukweli, wengine kwa fitina za ndugu waliotaka fedha za boma zipite mikononi mwao. Na ni kweli pia kwamba askari waliwaomba maafisa wao wawaandikie wakuu wa wilaya, ndio hao akina Bwana Shauri, kuhusu mashauri ya nyumbani. Lakini mashauri hayo yalikuwa ya kila aina: shamba limevamiwa, ng'ombe wamechukuliwa na shemeji, mahari inadaiwa upya, fedha hazifiki. Na kwa kuwa barua ya tano, kama nilivyosoma mimi, ilileta msiba wa mwenzake, huenda “habari” zilihusu nyumba ya marehemu yule. Mnayo sentensi moja. Haitoshi kumhukumu mtu yeyote, na sioni kwa nini mmhukumu. Ninachoona ni kwamba alirudi, wakaishi, wakazaa watoto wengine pamoja na baba yako, na mwanamke yule akazitunza barua zote saba, hiyo ya sita ikiwamo.

Kuhusu kimya chake na mvua za usiku, mimi si daktari, lakini nitakueleza vita ile ilifundisha nini. Jioni kikosi kilichimba mahandaki kwa mduara, kila mtu akaingia, na giza likishaingia hakuna aliyeruhusiwa kutembea, kwa sababu kinachotembea usiku kilihesabiwa kuwa adui. Wajapani walikuwa hodari wa kuvamia gizani. Ulinzi wako ulikuwa sikio. Mvua kubwa ikipiga majani, sikio halina kazi: hatua za mtu hazisikiki mpaka amefika. Kijana aliyekaa hivyo usiku baada ya usiku mwili wake unajifunza kwamba mvua maana yake ni kukesha. Vita inaisha, mwili haujaambiwa. Leo madaktari wanaliita kiwewe na wana njia za kulitibu. Yeye alipewa cheti cha kuachishwa jeshi na tiketi ya kurudi. Baba yako alimwona mtu aliyekaa kimya mlangoni usiku wa mvua akadhani hana moyo. Huenda alikuwa anawalinda. Nisilisukume hilo zaidi ya linavyoweza kubeba, lakini mpelekee baba yako, alipime yeye aliyeishi naye.

Na umpelekee kwa upole. Ana karibu miaka themanini na unamtaka abadilishe picha ya baba yake ndani ya wiki chache. Msimsomee barua hizi kwa mara ya kwanza mbele ya ukoo mzima. Kaa naye wewe peke yako, au na kaka yako, barua moja kwa siku ikibidi. Ukiona usingizi umempotea, au anarudia jambo moja na kuacha chakula, mpelekeni kwa daktari hospitali ya mkoa na mseme wazi kilichotokea. Kama ana mchungaji au padri anayemwamini, mhusisheni mapema. Mambo haya hayatibiki kwa barua yangu.

Kuhusu kikao cha Desemba, njia ni tatu. Mnaweza kusoma zote: ni uaminifu, lakini ile ya sita itazaa minong'ono na aliyeandikiwa hayupo kujieleza. Mnaweza kusoma nzuri tu na kuficha nyingine: ni rahisi, ila siri ya kopo hutoka, na ikitoka mwaka 2040 itakuwa kubwa kuliko ilivyo. Mimi ningesoma zile nyingine zote mbele ya watu, na ile ya sita ningeisoma kwanza kwa shangazi yenu na baba yenu, kisha wao waamue. Isichomwe kwa vyovyote. Na kabla ya siku hiyo nendeni kwa nyumba ya yule mwenzake, kama jamaa zake bado wako kijijini. Msiwaache wakasikia jina la ndugu yao kwenye kikao cha watu wengine. Jina lake mnaweza kulitafuta kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayopatikana kwenye intaneti bila malipo. Kwenye makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon, kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya waliokufa bila kaburi linalojulikana, na Waafrika wamo. Jaribu tahajia tofauti, maana makarani wa Kizungu waliandika majina yetu walivyoyasikia.

Jina la babu yako mwenyewe usilitegemee sana kwenye nyaraka. Shajara za vita za vikosi vya huko ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, kwenye kundi WO 172, lakini mara nyingi hutaja maafisa, na askari wetu wanahesabiwa kwa idadi. Zitakusaidia kujua 36 KAR ilikuwa wapi tarehe fulani. Na mtu yeyote akikupigia simu kwamba kuna mafao ya Keya yanangoja warithi, ila utume kwanza ada ya kufungulia faili, kata simu.

Karatasi zenyewe. Tafadhali usizipeleke kwenye laminesheni. Najua ndivyo tunavyotunza vyeti, lakini joto na plastiki vitaziua, na haviondoki tena. Usizibandike kwa selotepu. Zitoe kwenye kopo, maana kutu inakula karatasi. Kila moja iingie kwenye bahasha nyeupe ya kawaida, zikae mahali pakavu pasipo jua. Zipige picha kwa mwanga wa mchana, pande zote mbili, na bahasha pia. Barua ya pili na ya tatu naona zimegandana pembeni. Hizo usizibandue kwa mvuke wala kisu. Zipeleke mwenyewe, mkononi, kwa wataalamu wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam au Dodoma. Kazi ya namna hiyo hufanywa na mtu aliyeishika karatasi.

Nimeuacha mpera mwisho. Umetajwa katika barua nne, na ni jambo pekee lililomo katika ya kwanza na ya mwisho pia. Mtamba una thamani ya fedha, paa lina faida. Mpera mmoja nyuma ya jiko hauna sababu ya kuandikiwa mara nne kutoka vitani, ukapita kwa afisa, ukavuka bahari, ukasomwa kwa sauti na katekista. Pale pana kitu ambacho babu na bibi yako walikijua na kijiji hakikukijua. Inawezekana lilikuwa neno lao, lililoweza kusomwa mbele ya watu wote bila mtu kuelewa. Mimi sina njia ya kukijua, na hakuna hifadhi ya nyaraka itakayokuambia.

Shangazi yako alikuwa mtoto mdogo wakati ule, na ndiye mtoto aliyekatazwa mtoni. Amekulia chini ya mti huo. Nenda Mafinga mapema Novemba, kabla mvua hazijaanza. Chukua barua ya saba, hiyo hiyo yenye “mpela”, umpe aishike, halafu umuulize kama mti bado upo.